Gari la Montorsi

Vignola, 12 Novemba 1978

Mdogo wangu Ermes,

Pokea salamu za nyumba hii, iliyobaki na watu wawili tu. Baba yu mzima. Ametimiza miaka themanini na moja. Meno yamekwisha lakini bado anataka jibini ngumu, kwa hiyo namkunia kama mtoto. Jiko jipya la gesi amelikataa. Anasema moto usio na moshi hauaminiki. Mwaka huu mvua ilitukuta na cheri mbivu, zikapasuka zingali mitini. Mimi bado nashona viti vya magari, na macho bado yananitosha.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Tangu tumzike mume wangu Dorando, kadi za Krismasi alikuandikia mama, na baada ya mama, binamu zetu. Mimi sikuandika wala sikupanga kuandika. Lakini hili nataka ulisikie kwangu, maana kwa wengine litakufikia limepinda.

Mjomba Primo alifariki Agosti. Tulipokwenda kusafisha banda lake, chini ya majani makavu ya ng'ombe tukakuta gari. Lile lile. Gari la Montorsi, lenye jina letu, ambalo wewe na baba mlilijenga kwa mikono yenu, na mimi nikashona viti. Baba alituambia lilikatwa vipande likayeyushwa. Kumbe alilificha. Pua imekunjamana, kioo hakuna, panya wamezalia kwenye kiti changu. Nikamwita Loris wa karakanani aje na trekta alivute.

Sasa liko karakanani. Hujapata kupaona: ni kile kiwanda cha zamani cha jibini, njia ya kwenda mtoni, tumekigawana watu wanne. Loris anatengeneza matrekta, Walther anapaka rangi, mzee Gualtiero ana pikipiki zake, na mimi nina meza na cherehani yangu kando ya dirisha. Wote watatu walinipinga. Loris alisema mbele ya wenzake kwamba hilo si gari, ni jeneza, na linachukua nafasi ya trekta. Nikamwambia jeneza la mume wangu nilichagua mwenyewe, na halikuwa na magurudumu.

Nitalitengeneza, Ermes, na nitaliendesha. Sikuombi ruhusa. Nataka kujua jambo moja tu. Walther amekwangua akakuta kijivu chini ya nyekundu. Mimi nilishona viti likiwa bado bati tupu, na baba hataki kusema. Ipi ilikuwa rangi yake ya mashindano?

Dada yako,
Nives


Ingham, 27 Desemba 1978

Dada Nives,

Salamu kutoka huku kusini mwa dunia, kwenye joto la Desemba. Mke wangu Assunta anakusalimu ingawa hamjaonana. Binti yetu mkubwa ameanza kazi posta. Mdogo ukimwuliza kwa Kiitaliano anakujibu kwa Kiingereza, na ukimgombeza anacheka kwa lugha zote mbili. Miwa imekwisha kuvunwa, kiwanda cha sukari kimezimwa, na sisi mafundi tunaifungua mitambo na kuisafisha mpaka msimu ujao. Krismasi tulikula tortellini za Assunta, zile tambi zilizojazwa nyama, kwenye supu ya moto, jasho likitudondokea mezani. Jirani angetuona angedhani tumeadhibiwa.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaiweka.

Lipeleke gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sisemi kwa hasira. Una kazi yako, una baba wa kumtunza, na watu wa Vignola hawasahau. Siku utakapoliwasha, kila dirisha litafunguka, na jina litakalotajwa ni langu, si lako. Mimi niko mbali, hayatanifikia. Baba atayasikia.

Kama ni lazima ushike kitu, shika bodi. Nyoosha bati, shona viti, paka rangi unayotaka, liweke kama pambo. Usukani na magurudumu ya mbele usiviguse. Huko hakuna kitu cha kukufaa.

Msalimie baba. Mwambie bega langu nililoumia siku ile limepona.

Ermes


Vignola, 4 Februari 1979

Ermes,

Tuko wazima, ila ukungu umekaa wiki nzima na hatuoni hata mnara wa kanisa. Baba alikohoa sana Januari. Alipopata nafuu alikwenda kwa Gualtiero kuchinja nguruwe, akasimamia soseji, akagombana na kila mtu kuhusu chumvi. Kwa hiyo jua kwamba amepona. Nimemfikishia habari ya bega lako.

Alikuja Mswisi mmoja mwenye glavu za ngozi, anayekusanya magari ya zamani. Alisikia habari zetu, sijui kwa nani. Hakutaka litengenezwe. Alitaka aliweke sebuleni kwake likiwa limevunjika hivyo hivyo, na taa ndogo juu yake. Nikamwuliza kama angependa na mimi nikae pembeni na nguo nyeusi. Akadhani napandisha bei. Gualtiero ndiye aliyemsindikiza mlangoni.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Uliniambia nisiguse magurudumu ya mbele. Basi ndiko nilikoanza.

Loris alinisaidia, ingawa alinuna. Tulifungua upande wa kushoto. Ule mkono wa chuma unaotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu umekatika vipande viwili, na pale ulipokatika pana mshono wa kuchomelea. Loris alinitazama akaweka spana chini. Hakuwa na haja ya kunieleza. Nimekulia karakanani; najua mkono wa usukani ukipata ufa hauchomelewi, unatupwa na kuwekwa mpya. Na ule mshono ninaujua. Umelala kulia, una matone madogo yaliyopandana kama magamba ya samaki. Nautambua kama unavyotambua mwandiko wa mtu.

Nilivifunga vipande vyote viwili kwenye kitambaa nikaenda navyo nyumbani. Wakati wa chakula cha mchana nikaviweka mezani, kati ya mkate na chupa ya divai. Baba alimaliza supu yake kwanza. Kisha akavigusa.

"Ni kazi ya mkono wangu," akasema.

Nikamwuliza kilichotokea. Alisema Jumamosi ile, siku moja kabla ya mashindano ya kupanda mlima, aliona ufa. Chuma kipya kingefika Jumatatu kutoka Modena. Akachomelea ili gari lisogee, lifike uwanjani watu walione. Lakini alisema lisipande mlima. Alisema ninyi vijana mliambiwa.

Miaka yote hii polisi, padri na mimi tumeamini Dorando alikufa kwa sababu ulikwenda mbio kupita kiasi. Wewe mwenyewe uliwaambia hivyo. Nijibu kwa neno moja: baba alikuambia?

Nives


Ingham, 9 Machi 1979

Dada Nives,

Huku mafuriko. Daraja limezama na posta imekaa bila kufunguliwa, ndiyo maana nimechelewa. Sote tuko salama.

Umetaka neno moja. Ndiyo. Baba aliniambia, nami nikapanda hata hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka kushinda. Dorando hakujua lolote.

Sasa umepata ulichokitafuta. Liponde, Nives. Mwache mzee ale supu yake kwa amani.

Ermes


Vignola, 16 Aprili 1979

Ermes,

Pasaka imepita. Tulikula kwa Loris; mkewe alikaanga vile vimkate vya unga unavyovipenda, baba akala kama kijana. Maua ya cheri yamefunguka na watu wa mjini wanakuja kuyapiga picha na kukanyaga majani yetu.

Wewe ni mwongo.

Barua yako nilimsomea baba kwa sauti, yote, hata pale ulipoandika nimwache ale kwa amani. Nilipofika kwenye hiyo "ndiyo" yako alinikatiza. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa na mikono magotini, kisha akasema polepole kwamba hakukuambia wewe. Asubuhi ile ulikuwa umeshatangulia na pikipiki kwenda kuandikisha na kuchukua namba. Aliyekuja kulichukua gari ni Dorando. Baba alimwambia Dorando, mlangoni mwa banda, akimshika bega: lionyesheni, lisipande. Na Dorando akaitikia.

Siku zote baba alifikiri Dorando alikupa ujumbe, na kwamba mliamua wawili. Ulipowaambia polisi ni mwendo, akadhani unabeba sehemu yako kama mwanamume, naye akanyamaza na yake. Nilimwuliza kwa nini alilificha gari badala ya kuliyeyusha. Akasema alichukua shoka mara nyingi, lakini aliona akiliharibu atakuwa amedanganya mara ya pili.

Sasa mnijibu ninyi wanaume wote wawili, yule wa huku na yule wa huko. Mimi ni mjane wa nani? Miezi mitano niliishi na Dorando na miaka ishirini na mmoja nimeishi na jina lake. Nimekaa mbele kwenye kila misa yake. Mama yake amenishika mkono kila Septemba na kukulaani wewe, nami nikasema amina.

Usiniandikie tena habari za mafuriko. Ulijua lini kwamba Dorando aliambiwa?

Wala usifikiri nimeacha kazi. Pua ya gari imenyooka. Walther amenifundisha kulipiga bati juu ya mfuko wa mchanga, na sasa nampita.

Nives


Ingham, 3 Juni 1979

Dada yangu,

Assunta ameisoma barua yako. Mambo haya hakuyajua hata yeye. Alinipa kalamu, akawatoa wasichana nje, akasema hatapika mpaka nimalize.

Nilikuwa pale pa kuanzia, chini ya mlima, na namba mkononi Dorando alipofika na gari. Alikuwa anapiga mluzi. Nikamwuliza baba amesemaje. Akasema baba anatutakia heri. Tukaondoka. Kona za kwanza zilikwenda vizuri, Nives, sijawahi kuendesha vizuri namna ile. Halafu nikahisi usukani unachelewa kidogo, kama mtu anayekujibu huku anawaza kingine. Nikapiga kelele kwamba kuna kitu. Dorando akaniinamia sikioni huku anacheka, akasema, "Baba yako alisema tusilipandishe. Twende tu. Ila usimwambie Nives."

Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga breki. Chuma kikakatika kwenye kona.

Ndiyo hayo tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na minne, alikuwa na mke mzuri, na watu walikuwa wamesimama kando ya barabara wakipunga vitambaa. Hata mimi ningeambiwa, sina hakika kama ningerudi.

Makaburini ulinijia mbele ya watu wote ukasema nilimwua kwa sababu nilitaka kombe. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikakutazama ulivyosimama, nikaona kama nikikupa jibu lile hutabaki na kitu, hata marehemu. Nikaona afadhali ubaki na mtu wa kumchukia, na mtu huyo awe hai, aweze kuondoka. Polisi walipouliza, nikasema mwendo. Chuma kilichokatika nilikiona pale barabarani. Mshono niliutambua kama ulivyoutambua wewe. Ningesema habari ya chuma, baba angefungwa na mama asingemaliza mwaka.

Dorando alisema nisikuambie, nami sikukuambia. Sasa nimekuambia.

Rangi ya mashindano ilikuwa kijivu. Nyekundu lazima baba aliipaka baadaye, alipolificha, sijui kwa nini. Labda ili lisitambulike.

Naomba jambo moja. Kama utaliendesha, liendeshe kwenye tambarare. Usilipeleke kwenye kona ile.

Ermes


Vignola, 23 Septemba 1979

Ermes, mdogo wangu,

Baba yu mzima na anakohoa kidogo. Zabibu ni nyingi mwaka huu. Barua yako ilifika mwishoni mwa Juni, na sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira niliitumia kwenye kazi.

Nilikukasirikia wewe kuliko Dorando. Yeye alificha kitu asubuhi moja. Wewe ulikaa miaka ukinilinda na mume wangu mwenyewe, kana kwamba mimi ni kikombe cha maua cha kuwekwa juu ya kabati. Nani alikuambia siwezi kuubeba ukweli? Nimembeba baba, nimembeba mama mpaka mwisho, nimebeba cherehani ya chuma kutoka ghorofani. Ungeniambia palepale makaburini. Ningekupiga kofi, na jioni ungekuwa bado nyumbani.

Haya, hilo nimeshalisema.

Mkono mpya wa usukani Loris aliuchonga kwenye kipande kimoja cha chuma, bila mshono wowote. Baba aliletwa kuukagua. Wa kwanza akaukataa. Loris akanuna, akachonga wa pili. Baba akaukataa. Nilimwacha akatae. Wa tatu aliugeuza mkononi, akaupiga kwa nyundo ndogo, akausikiliza, akaukubali. Kisha akatoka nje akakaa kwenye jua, na Loris, ambaye unajua hana maneno laini, alikwenda akakaa naye.

Wakaguzi walilikataa gari mara ya kwanza. Bwana wa ofisi aliniuliza kama hakuna mwanamume wa kulileta. Nikamwambia wako watatu, lakini wanaogopa. Mara ya pili alisaini.

Kabla ya Septemba nilikwenda kwa mama yake Dorando nikamweleza yote, kwa upole kadiri nilivyoweza. Akaniambia nitoke. Hajanisalimu mpaka leo, na huenda hatanisalimu tena. Nimelia kwa ajili hiyo, lakini nisingelificha.

Sasa sikiliza. Uliniomba nisiende kwenye kona ile. Misa ya mwaka inasomwa palepale, kama ilivyo desturi, kando ya msalaba. Nilikwenda na gari. Kijivu, viti vyekundu, na baba amekaa upande wa Dorando, amevaa koti lake la arusi za watu. Kila dirisha la mjini lilifunguka, ulisema kweli. Padri alipomaliza nilisimama mahali alipokuwa amesimama yeye. Sikuwa nimeandika kitu. Nilisema, "Yale niliyomwambia Ermes makaburini mbele yenu, nayafuta mbele yenu. Alipewa gari bovu bila kujua. Waliojua ni wawili: mmoja yuko chini ya ardhi na ni mume wangu, mwingine ni huyu baba yangu. Atakayetaka kumlaani mtu aanzie kwetu."

Baba alivua kofia. Akasema ni kweli, akarudia ili walio nyuma wasikie.

Baadhi waliondoka bila kutuaga. Wengine walimpa baba mkono. Mwanamke mmoja aliniambia ningemwacha marehemu apumzike. Nikamwambia anapumzika vizuri sana, anayefanya kazi ni mimi.

Kisha nikaliwasha, na sikurudi chini. Nikapanda. Kona ile niliipita na mwendo, Ermes, nikihisi usukani unanijibu palepale. Baba alishika mlango kwa mikono miwili, akaniambia nipunguze. Sikupunguza. Tulikwenda mpaka juu, mahali ambapo gari hili halikuwahi kufika, na pale nikazima. Hapakuwa na mtu wala kitambaa, ni kondoo tu na upepo. Baba alitazama bonde, akasema wewe ungekuwa umefika mapema zaidi. Nikamjibu kwamba wewe hukupewa gari zima. Akasema, "Najua. Mwandikie. Andika kama ninavyosema, usitengeneze."

Vidole vyake havishiki kalamu, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema:

Ermes. Ni mimi baba yako. Nilichomelea chuma kisichochomelewa, nikakuacha useme ni mwendo, nikakuacha uende. Ulipopanda meli nilikuwa bandarini Genova, nyuma ya mizigo. Sikuja mbele. Alcide Montorsi.

Hilo la Genova hata mimi sikulijua.

Chumba cha juu nimekipaka chokaa, na kitanda nimekitengeneza upya kwa sababu miguu yake ililiwa na wadudu. Assunta na wasichana watalala kwangu. Sijakuuliza kama mnakuja. Nimekuambia tu mtakapolala.

Nives